Saa ya Baba, Kipande kwa Kipande

Jumatatu, 3 Machi

Nimeiona! Kwenye kabati la kioo la yule muuza saa za zamani, rafu ya pili, kati ya saa ya mezani isiyo na mshale na kiberiti cha fedha. Saa ya Baba. Si ile yenyewe, ile ilipotea miaka tisa iliyopita, lakini pacha wake wa tumbo moja. Uso wa rangi ya maziwa yaliyolala. Tarakimu nyembamba. Na pale chini, kwenye sita, kiduara kidogo chenye mshale wa sekunde peke yake, unakimbia kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Nilisimama mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Muuzaji akaja kuufuta. Nimempa jina la Bwana Halisi, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Kasha halisi, mashine halisi, hata vumbi halisi. Nikauliza bei. Akataja. Nikacheka, nikidhani tunataniana. Hakucheka. Ni mshahara wangu wa miezi minne, kama nyumba nzima itakubali kufunga mdomo miezi minne.

Baba anatimiza miaka themanini Jumapili ya tarehe 23. Anaishi nasi, chumba cha nyuma. Alipanga barua posta miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo saa ile ilikuwa mkononi mwake. Ikaibiwa hospitalini, wiki ile Mama alipofariki. Tangu hapo anainua mkono wa kushoto, anatazama pale pasipo na kitu, kisha anaita: saa ngapi, jamani? Mara kumi kwa siku. 

Nimeamua. Ataivaa. Na atakayemvalisha ni mimi, si Mheshimiwa.

(Mheshimiwa ni kaka yangu mkubwa. Meneja wa kampuni ya pampu za maji. Baba akizungumza habari zake hukaa wima.)

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mke wangu. Akasema baridi ya asubuhi inamtesa mzee, nimnunulie sweta. Sweta! Nikamwambia sweta halina historia. Akasema lile langu la kijivu lina historia ndefu, nikitaka nimpe hilo.

Mpango wa kwanza: kuishusha bei kwa akili. Mimi ni fundi wa miwani. Nakata lenzi, nazisaga, naziingiza kwenye fremu. Mchana nikatoka kazini nimevaa fremu ghali kuliko zote dukani, nionekane mtu mwenye nazo, mjuzi wa vitu. Nikaishika saa. Nikaisogeza jichoni. Nikaguna. Nikasema, kwa sauti ya kuwatosha wateja wote, kwamba kwa uzoefu wangu hii si halisi.

Kosa.

Bwana Halisi hakukasirika. Alifungua mgongo wa saa taratibu kama daktari wa watoto, akanionyesha namba ndani ya kifuniko, akanionyesha namba ileile kwenye cheti cha karatasi ya manjano, kisha akaniomba nizisome kwa sauti. Sikuweza. Fremu ilikuwa na plastiki za maonyesho, stika juu yake, na mimi bila miwani yangu mlango wenyewe siuoni. Mama mmoja akanisomea. Bwana Halisi akasema, "Ndugu yangu, kuna saa halisi na kuna wateja halisi." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa adabu.

Bei iko palepale. Nadhani imepanda.

Alhamisi, 6 Machi

Mheshimiwa amempigia Baba simu. Baba akakaa wima. Kisha nikapewa simu mimi. Kaka akasema anafikiria zawadi ya mzee, kitu cha kudumu, ila hajapata wazo. Ningenyamaza! Ningesema sweta! Lakini nilitaka aumie kidogo. Nikamwambia asijisumbue, mimi nimeshaiona saa kama ile ya zamani, kwenye duka linalotazamana na benki.

 Akauliza, polepole, kama mtu anayeandika: benki ipi?

Mdomo uliponza kichwa. Nikasema ile yenye geti la bluu. Hakuna benki yenye geti la bluu. Lakini mji mzima una benki tatu, na Mheshimiwa ana gari.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili, na huu ndio wenyewe. Kwa nini ninunue saa? Saa ni nini? Ni vipande vilivyokubaliana. Mimi nashika skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta, mwaka wa kumi na nane huu. Nitaiunda!

Chini ya ngazi za jengo la studio ya picha anakaa fundi saa, mwanamke wa makamo mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni, nyingine kichwani. Watu wanamwita Mama Sekunde. Nyuma yake kuna droo ndogondogo mpaka juu: magurudumu, springi, mishale, vioo. Saa zilizokufa, kiungo kwa kiungo. Nikamweleza shida yangu. Akasikiliza bila kuinua kichwa. Akauliza nataka saa au nataka jina la saa. Nikasema nataka saa ya Baba. Akasema hilo ni jambo la tatu, na hapo kwake haliuzwi.

Lakini vipande anauza. Nimetoka na mashine moja ambayo yeye anasema inapumua, na kasha lenye mkwaruzo mgongoni. Uso atanitafutia. Vyote pamoja havifiki bei ya mkanda kwa Bwana Halisi. Nikapita mbele ya kabati lake nikipiga mluzi. Saa ilikuwa bado ipo pale, sekunde zake zinakimbia. Mluzi ukakauka.

Jumapili, 9 Machi

Mama Sekunde aliniambia nisiifungue mashine. Nimeifungua. Kidogo tu, niisafishe.

Springi kuu ilitoka kama nyoka aliyekanyagwa. Iliruka juu ya sukari, ikapiga kalenda, ikaanguka nyuma ya friji. Gurudumu moja limepatikana ndani ya kiatu changu. Skrubu mbili zimepatikana kwa sumaku. Ya tatu mke wangu ameipata kwenye maharage, kwa jino. Hajazungumza nami tangu chakula cha mchana.

Katikati ya yote hayo Baba akaita kutoka chumbani, saa ngapi. Nikajibu bila kuinua kichwa, saa nne. Akauliza nne na ngapi. Nikasema nne tu, Baba, leo dakika hazipo, ziko chini ya friji.

Sikusikia akicheka. Labda hakusikia.

Jumanne, 11 Machi

Nimempelekea Mama Sekunde mashine ndani ya kikombe. Akatazama kikombe. Akanitazama mimi. Akavuta stuli, akaniambia nikae, akanipa kibano. Saa nzima ya mapumziko ya mchana tumerudisha vipande, yeye anaelekeza, mimi naweka. Sikuwa nimefurahi hivyo kwa miaka. Mwishoni akasema mkono wangu unajua kazi, haraka yangu ndiyo haijui.

Nikamuuliza, kwani saa ya vipande na saa halisi tofauti yake nini hasa. Akasema saa yoyote ya zamani ambayo bado inatembea ina mgeni ndani yake. Isiyo na mgeni imekufa. Hata ile ya kwenye kabati mkabala na benki, ile yenye uso wa maziwa, springi yake aliitia yeye mwaka jana. Na kioo pia.

Niliruka kwenye stuli! Springi yake! Kioo chake! Kumbe Bwana Halisi naye ana vipande! Mama Sekunde akaniambia nikae chini, mbona napiga kelele kama niliyeshika mwizi. Akasema saa ile ni halisi. Vitu vikishakaa pamoja muda mrefu, vikavumiliana, ndio uhalisi wenyewe huo. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa naihifadhi ile habari ya springi. Itanifaa.

Alhamisi, 13 Machi

Uso umepatikana! Rangi ileile. Kiduara kilekile. Kasoro moja tu: tarakimu ya nne imefutika.

Mke wangu ana rangi ya kucha, ya kahawia iliyokolea. Nikachukua unywele mmoja wa brashi, nikavuta pumzi, nikaandika nne. Ikavimba. Ikawa kama mende aliyelala chali. Nikachukua dawa ya kufutia rangi, nikagusa kwa pamba. Nne ikatoka. Tatu nayo ikatoka. Tano ikafuatana na wenzake. Sasa nina uso wa saa ambao kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja duniani hakuna kitu. Alasiri nzima imefutika.

Mama Sekunde amenipa mwingine. Huu ni mweupe kidogo. Maziwa ya leo, si ya jana. Ameniuliza kama mzee ataona tofauti. Nikasema Baba? Baba alikuwa anasoma anwani zilizolowa mvua. Ataona.

Mke wangu ananiuliza rangi yake ya kucha iko wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Kabati lina nafasi tupu. Rafu ya pili. Duara safi ndani ya vumbi.

Bwana Halisi akasema imeondoka jana. Mtu mrefu, mpole, viatu vinang'aa, hakuomba hata kupunguziwa. Mteja halisi, akasema.

Nilitembea bila kujua naenda wapi mpaka nikajikuta nyuma ya jengo la posta ya zamani. Siku hizi ni ghala la magodoro. Dirisha la chumba cha kupangia barua bado lipo, limepigwa mbao. Nilikuwa na miaka sita. Shule ilikuwa imefungwa, Mama ana homa, Baba akanichukua kazini. Nikakaa chini ya meza ndefu siku nzima, kati ya magunia. Kila baada ya muda mkono wake ulishuka chini ya meza, wa kushoto, ukakaa hapo.  Mimi naweka sikio kwenye saa. Nasikiliza mpaka mkono unaitwa kazini tena.

Kaka hakuwahi kusikiliza saa ile. Nina hakika. Yeye aliuliza tu ilinunuliwa wapi.

Ningekuwa na uwezo ningeinunua siku hiyo moja, niiache saa. Lakini hakuna kabati linalouza siku. Basi nitaimaliza saa.

Jumatatu, 17 Machi

Maafa. Kioo cha saa kilikuwa kikubwa kwa kasha. Nikasema sina haja ya kumsumbua Mama Sekunde, mashine ya kusaga lenzi ipo hapa kazini. Wakati wa chakula cha mchana, bosi akiwa nje, nikasaga. Laini! Duara kamili! Nikajipongeza kwa sauti. Nikakijaribu kwenye kasha, kikaingia kama kimezaliwa humo. Nikaitazama saa. Tarakimu zote zilikuwa kubwa kama za saa ya stesheni.

Nilikuwa nimesaga lenzi ya mteja. Mwalimu mstaafu, jicho la kushoto, anakuja kesho asubuhi. Kioo cha saa kilikuwa salama kabisa, kwenye mfuko wa shati.

Bosi hakupiga kelele. Yeye hapigi kelele, angepiga ningepona. Aliiweka ile lenzi katikati ya meza yangu, ndogo kama kifungo, akauliza kama mteja huyu ana jicho la panya. Kisha akaniambia kwamba mapumziko yangu ya mchana yameisha mpaka mwisho wa mwezi.

Nimebaki na siku sita na hakuna mchana hata mmoja.

Jumatano, 19 Machi

INATEMBEA!

Asubuhi, kabla ya kazi, nimepitia kwa Mama Sekunde, yeye mwenyewe amekaza kioo, mimi nimeweka mishale, na tukainama wote wawili. Tik. Tik. Ule mshale mdogo kwenye kiduara ukashtuka, ukasita, ukaanza safari. Nikaiweka sikioni. Ilikuwa sauti ileile. Au karibu. Macho yakaniwasha, nikasingizia mafuta ya saa.

Ina kasoro mbili. Inakimbia, kwa siku inaziacha saa nyingine dakika ishirini nyuma. Na ukiilaza chali inasimama. Ubavu inatembea, wima inatembea, kifudifudi inatembea. Chali, kimya. Mama Sekunde akasema niiache kwake wiki mbili, aizoeze. Nikasema Jumapili. Akasema saa haiharakishwi. Nikasema hii tayari inajiharakisha yenyewe. Hakucheka. Akanifungia kwenye karatasi, akaniambia nimsalimie mzee.

Ijumaa, 21 Machi

Mpango wa tatu. Mfupi, safi, hauhitaji bisibisi. Chakula cha Baba ni saa saba mchana. Nimempigia Mheshimiwa nikamwambia kimesogezwa, ni saa kumi jioni. Akifika, Baba atakuwa ameshavaa yangu saa tatu nzima. Mkono wa kushoto una nafasi moja tu!

Akashukuru kwa taarifa. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Mheshimiwa amefika LEO. Na begi. Anasema amemkumbuka mzee, ameona aje mapema alale hapa, asaidie kupanga viti. Akasema pia, akiwa anavua viatu vyake vinavyong'aa, kwamba shemeji yake alimwambia kwenye simu ni saa saba, mimi nikamwambia saa kumi, basi akaona kuliko kuchanganyikiwa aje tu leo. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama kama nilivyoutazama ule uso wa saa usio na alasiri.

Siku nzima tumepishana koridoni, kila mtu na mkono kwenye mfuko wake wa suruali. Jioni tulikuwa tunafuta viti. Akaniuliza, bila kunitazama, kama Baba bado anauangalia mkono. Nikasema ndiyo, kila siku. Akaendelea kufuta kiti ambacho kilikuwa kimekauka zamani. Akasema huwa anamwona anavyofanya hivyo hata kwenye simu. Sauti inakatika kidogo, na yeye anajua Baba ameinua mkono.

Sikuwa nimejua kwamba anajua. Nikaenda kufuta vya upande mwingine.

Jumapili, 23 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikula. Baba alikuwa amevaa shati jeupe, ameketi kichwani mwa meza. Wakati wa zawadi akasema aanze mkubwa. Bila shaka! Mheshimiwa akatoa kiboksi cha ngozi. Uso wa maziwa yaliyolala. Akamvalisha mkono wa kushoto. Baba akasema, "Asante, mwanangu. Nzuri sana." Akaishusha mezani pamoja na mkono.

Nikatoa karatasi yangu. Nikasema, "Baba, hii nimeiunda mwenyewe." Ilikuwa imesonga mbele dakika ishirini, nikairudisha chini ya meza. Baba akanyoosha mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa na mtu. Nikamvalisha huko. Akasema, "Asante, mwanangu. Nzuri sana." Maneno yaleyale, kwa mizani ileile.

Ningeachia hapo. Mtu mwenye akili angeachia hapo. Nikasema saa ya Kaka ni nzuri pia, ila springi si yake, ilitiwa mwaka jana chini ya ngazi. Kaka akasema angalau rangi ya uso ni yenyewe, ile yangu ni nyeupe kama sahani. Nikasema mweupe ni mkono wako usiojua kazi. Akasema hata hivyo tarakimu za saa ya Baba zilikuwa nene, alinunua hii kwa kukosa nyingine. Nene! Nikasimama. Naye akasimama. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi, tunagombea unene wa tarakimu mbele ya keki.

Baba akapiga meza kwa kiganja. Mara moja, taratibu, kama anayegonga muhuri.

"Mimi sikumbuki ilikuwaje," akasema.

Tukakaa.

"Mimi nilikuwa naangalia ni saa ngapi. Saa yenyewe sikuiangalia. Aliyekuwa anaiangalia ni mama yenu. Kila asubuhi ndiye aliyeitia ufunguo, maana vidole vyangu vilikuwa na gundi na wino, alisema nitaichafua. Mizunguko ishirini. Anahesabu moyoni, midomo inacheza. Kisha ananivalisha yeye."

Mke wangu akaacha kukata keki.

"Na haikuibiwa," Baba akasema. "Siku zile za mwisho usingizi ulimkataa. Akaniambia mlio wake unamtuliza, nikamvalisha. Ilikuwa inamzunguka mkono mara mbili, amekonda. Basi alipoondoka nikashindwa kuivua. Nikamwambia nesi, mwache nayo. Ninyi mkaniuliza iko wapi, nikasema imeibiwa. Ilikuwa rahisi kusema."

 Zilisikika saa mbili tu, moja ikienda mbio kidogo.

Kaka alijifuta uso kwa kitambaa cha meza, pamoja na vijiko vilivyokuwa juu yake. Mimi nikajifanya natafuta kiberiti cha mishumaa. Kilikuwa mkononi mwangu.

Baba alivaa zote mbili mpaka magharibi. Kisha akazivua, akaziweka pamoja kwenye dirisha la chumba chake. Yangu ameiegemeza kwenye ukuta, isilale chali. Sikuwa nimemwambia.

Jumatatu, 24 Machi

Mheshimiwa ameondoka asubuhi. Tumekumbatiana vibaya, mabega yamegongana.

Niliporudi kutoka kazini nikamsikia Baba: saa ngapi, jamani?

Nilivunjika moyo. Saa mbili dirishani! Wiki tatu za kazi, mchana wangu wote, lenzi ya mwalimu! Nikamwambia mke wangu, mzee ana saa mbili na bado anauliza. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Wewe nawe. Anauliza ili mtu aingie."



Nikaingia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikasema ni saa kumi na mbili kasoro kumi. Akasema ahaa. Hakutazama dirishani. Akaniuliza siku yangu ilikuwaje, nikamsimulia habari ya jicho la panya, akacheka mpaka akakohoa. Akanisimulia jinsi Mama alivyokuwa anaimba na redio yake akipika, hajui maneno, basi anamsubiri mwimbaji aseme kwanza, yeye anafuata nyuma yake hatua moja, wimbo mzima, kama mtu anayevuka mto kwa mawe ya mwenzake. Chai ikapoa. Hatukuwasha taa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi, karibu na wangu.

Nimeelewa leo. Naandika ili nisisahau. Hakutaka saa. Si halisi, si ya vipande. Alitaka mtu aingie. Nitaingia kila siku. Basi, nimemaliza na vitu.

Alhamisi, 27 Machi

Mheshimiwa alimpigia Baba jana, na Baba, bila ubaya wowote, akamhadithia na yeye ile habari ya redio. Redio YANGU! Nilisimuliwa mimi kwanza! Na kaka, naapa, akauliza ilikuwa redio ya aina gani. Polepole. Kama mtu anayeandika.

Hakuna muda wa kupoteza. Nakumbuka vizuri: boksi la mbao, kitambaa cha dhahabu mbele, vifundo viwili vya kuzungusha, vya pembe. Ile nzima atainunua yeye, hilo najua, tayari yuko barabarani. Lakini kule nyuma ya soko, kwa fundi redio, leo nimekuta boksi lilelile! Tupu, ndani kuna kuku alitagia, lakini vifundo ni vyenyewe! Nimelibeba kichwani mpaka nyumbani. Redio si kama saa. Redio ni nyaya tu. Haina springi ya kuruka. Nimeshafungua redio ya jikoni, nione waya gani unakwenda wapi, na mke wangu bado hajajua.

Ametoka chumbani kwa Baba sasa hivi. Anasema mzee ameshavuta kiti cha pili karibu na kitanda, ananisubiri, ameniulizia mara tatu.

Nimesema aambiwe naja. Nikishapata spika.